Ukosefu wa ratiba huua mifugo sawa na ukosefu wa mvua

Kila ukame unapolivamia eneo la Kaskazini Mashariki, husikika kauli zile zile. Serikali hutangaza kwamba itanunua mifugo iliyodhoofika kabla haijafa, fedha hutengwa, malori hukodiwa, na viongozi huahidi kwamba safari hii mfugaji hatapata hasara. Majuma machache baadaye, mjadala hugeuka kuwa wa lawama: fedha zilichelewa, malori hayakutosha, bei ilikuwa duni. Katika kelele hizo zote, kuna swali moja ambalo ni nadra kuulizwa. Je, wanyama hao wakifika kiwandani, nani atatangulia, nani atafuata, na kwa kanuni gani?

Mji wa Modogashe, ulioko mpakani mwa kaunti za Garissa na Isiolo, ni mahali panapofaa kuulizia swali hilo. Hapo hukutana barabara itokayo Isiolo kuelekea Wajir na Mandera na ile itokayo mjini Garissa. Mfugaji anayeuza ng'ombe au ngamia katika eneo hili anajua kwamba mnyama wake ana safari ndefu kabla ya kukifikia kichinjio kikubwa, na kwamba kila siku ya kusubiri hula mafuta ya mnyama yule yule ambaye tayari amesalia mifupa. Kwa mfugaji huyu, foleni ni kipimo cha mali itakayobaki.

Historia inathibitisha haya. Tume ya Nyama Nchini, KMC, iliundwa mwaka 1950, na kiwanda chake kikuu kiko Athi River. Kiwanda hicho kilifungwa katika miaka ya tisini na kufunguliwa tena mwaka 2006. Mwaka 2009, ukame ulipozidi, kilitakiwa kununua ng'ombe wa wafugaji waliokuwa hatarini. Ng'ombe waliletwa kwa wingi kupita uwezo wa kiwanda, na wengi wakafa nje ya lango wakingojea zamu zao. Fedha zilikuwepo, malori yalikuwepo, visu vilikuwepo. Kilichokosekana ni mpango wa kuyapatanisha hayo yote. Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwaka 2022, misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha, na zaidi ya mifugo milioni 2 ikaangamia nchini Kenya. Siwezi kudai kwamba ratiba nzuri ingewaokoa wote hao. Ninachodai ni kwamba hatuna budi kuacha kuichukulia ratiba kuwa kazi ya karani, kwani ni elimu kamili, yenye kanuni zake, na kanuni hizo zinaweza kufundishwa.

Kiwanda cha nyama ni kitu changamani kuliko kinavyoonekana na mpita njia. Mnyama hushushwa garini, hupumzishwa, hukaguliwa na daktari wa mifugo akiwa hai, huchinjwa, huchunwa, na nyama yake hukaguliwa tena. Kisha nyama hupozwa katika chumba cha baridi, hukatwakatwa, na nyingine hutiwa makoponi. Kila hatua ina chumba chake, mtambo wake na mafundi wake. Ngamia hawashughulikiwi kwa vifaa na nafasi sawa na mbuzi. Chumba cha baridi kikijaa, hakuna faida ya kuchinja zaidi. Na wachinjaji wakikaa bure asubuhi, chumba cha kukatia nyama kitakaa bure alasiri. Hatua moja ikikwama, zote hukwama.

Ili msomaji apate picha kamili, tuchukue mfano mdogo wa kubuni, ambao mwalimu anaweza kuuandika ubaoni. Malori matatu yamefika alfajiri. Shehena ya kwanza ni ya mbuzi wengi. Kuwachinja na kuwachuna kutachukua saa 4, lakini kwa kuwa nyama yao huuzwa bila kukatwakatwa sana, itahitaji saa 1 tu katika chumba cha kukatia. Shehena ya pili ni ya ng'ombe wachache ambao nyama yao itatiwa makoponi: saa 1 ya kuchinjwa, saa 4 za kukatwakatwa. Shehena ya tatu ni ya ngamia: saa 3 za kuchinjwa na saa 3 za kukatwakatwa. Kuna chumba kimoja cha kuchinjia na kimoja cha kukatia, na kila chumba hushughulikia shehena moja kwa wakati. Kwa ajili ya wepesi, tuache kando muda wa kupoza nyama.

Tukifuata desturi ya aliyetangulia kufika ahudumiwe kwanza, yaani mbuzi, kisha ng'ombe, kisha ngamia, kazi yote itakwisha baada ya saa 12. Tukianza na ng'ombe, tukafuatisha ngamia na kumalizia na mbuzi, kazi itakwisha baada ya saa 9. Saa 3 zimeokolewa bila kununua mtambo hata mmoja wala kuajiri mtu hata mmoja. Siri ni kwamba ng'ombe humpa mkataji kazi mapema, hivyo hakai bure akimngoja mchinjaji. Kanuni ya kupanga kazi za hatua mbili za namna hii iliandikwa na S. M. Johnson huko Marekani mwaka 1954, na mwanafunzi wa sekondari anaweza kuithibitisha kwa kalamu na karatasi.

Je, tutajuaje kwamba hakuna mpango wa saa 8? Hapa ndipo mantiki inapoingia. Kuchinja peke yake ni saa 4, na 1, na 3, yaani jumla ya saa 8. Shehena itakayochinjwa mwisho, iwe ipi iwayo, itahitaji angalau saa 1 ya kukatwa. Kwa hiyo haiwezekani kumaliza kabla ya saa 9. Hatukuhitaji kujaribu kila mpango. Hoja moja fupi imetuondolea shaka.

Kwa shehena 3 kuna mipangilio 6 tu, na mtu mwenye subira anaweza kuijaribu yote. Shehena zikiwa 10, mipangilio huwa 3,628,800. Hapo ni mtambo mmoja tu. Ikiwa kuna mitambo 10, na kila mtambo waweza kuwa na mpangilio wake, idadi hupita uwezo wa akili kuiwazia. Mwaka 1963 wataalamu wawili wa Marekani, Fisher na Thompson, walichapisha fumbo la kazi 10 katika mitambo 10. Fumbo hilo lilisumbua wanahisabati kwa miaka 26, hadi mwaka 1989 Wafaransa Carlier na Pinson walipothibitisha jibu lililo bora kabisa. Jambo la kutia moyo ni kwamba hawakushinda kwa kuhesabu mipangilio yote, kwani tarakilishi yoyote ingeshindwa. Walishinda kwa kuitumia hoja kufuta mipangilio mingi kwa mkupuo.

Njia hiyo imekuzwa sana tangu wakati huo. Kiini chake ni neno dogo ambalo sisi wanaisimu tumelichunguza kwa muda mrefu: neno "ama". Shehena mbili zinazogombea chumba kimoja haziwezi kuingia pamoja. Kwa hiyo ama mbuzi watangulie ngamia, ama ngamia watangulie mbuzi. Programu ya tarakilishi huchagua upande mmoja wa "ama", kisha hufuata matokeo yake: ikiwa hivi, basi lazima vile, na ikiwa vile, basi haiwezekani hivyo. Ikifika penye mgongano, haikati tamaa wala haianzi upya. Huuliza ni chaguo zipi zilizosababisha mgongano, huiandika sababu hiyo kuwa kanuni mpya, na hairudii kosa hilo tena. Hivyo kila kushindwa huwa elimu. Natamani taasisi zetu nyingi zingekuwa na desturi hiyo.

Pengine msomaji atajiuliza mwanaisimu anatafuta nini katika mambo ya viwanda. Jibu liko katika historia ya elimu yenyewe. Mwaka 1972, mjini Marseille, Alain Colmerauer na Philippe Roussel walibuni Prolog, lugha ya kuandikia programu kwa kanuni za mantiki, na shabaha yao ilikuwa kuiwezesha tarakilishi kuielewa lugha ya Kifaransa. Walisaidiwa na mawazo ya Robert Kowalski, aliyekuwa Edinburgh. Mwaka 1987 Joxan Jaffar na Jean-Louis Lassez wakaonyesha jinsi ya kuunganisha mantiki hiyo na masharti ya hesabu, na kuanzia hapo wataalamu wa viwanda wakaipokea kwa mikono miwili. Kwa hiyo chombo kinachopanga kazi za viwanda leo kilizaliwa sehemu moja katika uchunguzi wa sarufi. Hata katika isimu yenyewe, tangu mwaka 1993, Alan Prince na Paul Smolensky wamefundisha kwamba umbo la neno huamuliwa na masharti yanayoshindana, na kwamba sharti la juu hushinda la chini. Wazo ni lile lile.

Uhusiano huu una manufaa ya vitendo. Tarakilishi haiwezi kupanga ratiba mpaka masharti yaandikwe kwa lugha isiyo na utata, na hapo ndipo mipango yetu mingi huanguka. Chukua agizo hili: "Wanyama wote wasichinjwe asubuhi." Msomaji mmoja ataelewa kwamba asubuhi hachinjwi mnyama hata mmoja. Mwingine ataelewa kwamba baadhi wachinjwe asubuhi na wengine wabakizwe. Au chukua kauli hii: "Lori lipelekwe Garissa au Isiolo." Je, laweza kugawa shehena kati ya miji hiyo miwili, au ni lazima lichague mmoja? Aidha, kuna tofauti kubwa kati ya "lazima" na "afadhali". Sharti la lazima likivunjwa, ratiba ni batili. La afadhali likivunjwa, ratiba imepungua ubora tu. Afisa anayeandika kila kitu kuwa cha lazima atapata jibu kwamba hakuna ratiba iwezekanayo, naye ataitupia lawama mashine.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya kigeni, hayamhusu mfugaji. Wanakosea. Katika visima virefu vya Waborana, mpangilio wa kunywesha mifugo husimamiwa na mzee anayeitwa abba herregaa, ambaye kazi yake ni kupanga zamu: nani anyweshe lini, na kundi lipi litangulie. Ng'ombe hawezi kustahimili kiu kama ngamia. Aliye safarini hatendewi sawa na mwenye kisima. Na maji ya siku yana mwisho. Hayo ni masharti, na mzee huyo huyapatanisha kila siku bila tarakilishi. Kadhalika, Azimio la Modogashe la mwaka 2001, lililofikiwa na wazee na viongozi wa Garissa, Wajir, Mandera na Isiolo ili kukomesha mapigano, lilishughulikia mambo ya namna hiyo hiyo: anayetaka kuhamishia mifugo yake malishoni mwa wengine sharti kwanza aombe na kupata idhini. Hiyo ni kanuni ya "ikiwa" na "basi", iliyowekwa na watu wanaojua gharama ya kuivunja. Mantiki haikuletwa Modogashe kwa lori. Kilicho kigeni ni wepesi wa kuihesabu kanuni ileile kwa maelfu ya wanyama na vichinjio vingi kwa wakati mmoja.

Suala la vichinjio vingi linastahili aya yake. Ikiwa mifugo yaweza kupelekwa Athi River, Garissa, Wajir au Isiolo, kuna maamuzi ya aina mbili: shehena ipi iende wapi, na katika kila kichinjio ipi itangulie. John Hooker, mtaalamu wa Marekani, amekuza njia ya kuyatenganisha maamuzi hayo, akijenga juu ya wazo la Mholanzi Jacques Benders la mwaka 1962. Ofisi ya juu hugawa shehena, kila kiwanda hujaribu kuzipanga, kikishindwa, hakirudishi jibu la "haiwezekani" tu, bali hurudisha sababu: "shehena hizi tatu hazitoshei pamoja siku ya Jumatatu." Ofisi ya juu hulipokea hilo kama kanuni mpya na kugawa upya. Naomba wanaosimamia ugatuzi waifikirie njia hii. Ingekuwaje kama kaunti zingeieleza Nairobi sababu kamili ya kutowezekana kwa agizo, na Nairobi ikalazimika kuizingatia sababu hiyo kabla ya kuagiza tena?

Hata hivyo, sitaki msomaji adhani kwamba mashine itatuondolea wajibu wa kuamua. Turudi kwenye malori yetu matatu. Katika mpango ule bora wa saa 9, ni nani aliyewekwa mwisho? Ni mbuzi, ambao kuchinjwa kwao kunakamilika baada ya saa 8. Sasa tuseme mbuzi hao ndio waliotoka mbali zaidi na ndio wanyonge kuliko wote, na kwamba wasipochinjwa katika muda wa saa 5 watakufa. Tukiliongeza sharti hilo, mpango bora huwa ng'ombe kwanza, kisha mbuzi, kisha ngamia, na kazi hukamilika baada ya saa 11. Sharti la kuwaokoa mbuzi limegharimu saa 2. Bado ni afadhali kuliko saa 12 za desturi ya aliyetangulia kufika.

Nani ataamua kama saa 2 hizo zinafaa kulipwa? Mashine haijui. Ukiiambia itafute muda mfupi wa kiwanda, itawaweka mbuzi wa mbali mwisho bila huruma na bila hila. Ukiiambia ipunguze vifo, itawatanguliza. "Bora" kwa nani ni swali la siasa na la haki, na linapaswa kujibiwa hadharani kabla ya hesabu kuanza. Mwenye ranchi iliyo karibu na kiwanda na mfugaji wa Modogashe hawaoni ubora kwa jicho moja. Faida kubwa ya njia hii, kwa maoni yangu, ni kwamba inatulazimisha kuyaandika malengo yetu waziwazi. Katika foleni isiyo na kanuni, anayetangulia ni mwenye kujuana na mlinzi wa lango. Katika ratiba iliyoandikwa, upendeleo huonekana, kwani lazima uandikwe kama sharti, na sharti lililoandikwa laweza kuhojiwa.

Ni kweli pia kwamba ratiba si dawa ya kila ugonjwa. Umeme ukikatika, maradhi ya mifugo yakizuka, au tarehe za malori zikiwa za uongo, hesabu iliyo sahihi itazaa mpango usio na maana. Mwishoni mwa mwaka 2023, baada ya ukame ule mrefu, mafuriko yalikata barabara katika sehemu za Garissa. Ratiba yoyote iliyotegemea barabara hizo ingehitaji kuandikwa upya siku hiyo hiyo. Lakini hiyo ni hoja ya kuitaka mashine, si ya kuikataa, kwa kuwa kuandika upya kwa mkono huchukua siku ambazo mnyama mnyonge hana.

Wakati wa kuyasema haya ni sasa. Mwaka 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi mkubwa wa barabara ya Isiolo, Wajir hadi Mandera, ipitayo Modogashe, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 700. Mwaka 2023 Serikali ilianza mpango wa kujenga maeneo ya viwanda katika kaunti. Kichinjio cha Isiolo, ambacho ujenzi wake ulisuasua kwa miaka mingi, kinatukumbusha kwamba kuta hujengwa polepole. Lakini kuta zikisimama bila watu wanaojua kuzipangia kazi, barabara nzuri itakuwa njia ya kuufikia msongamano kwa kasi zaidi.

Kwa walimu na wanafunzi, ningependa kusema kwamba somo hili halihitaji kiwanda. Ratiba ya masomo ni fumbo la aina hiyo hiyo: mwalimu mmoja hawezi kuwa katika madarasa mawili, darasa moja haliwezi kufundishwa masomo mawili, na maabara ni moja. Walimu wengi wasio wenyeji walipoondoka Kaskazini Mashariki baada ya mashambulizi ya Mandera mwaka 2014, na tena baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, Garissa, mnamo Januari 2020, walimu wakuu waliobaki walilazimika kuyagawa masomo mengi kwa watu wachache. Zipo programu za bure zinazosaidia kazi hiyo, kama FET kwa ratiba za shule na MiniZinc kwa mafumbo ya kila namna. Hata pasipo tarakilishi, mwalimu wa hisabati na mwalimu wa Kiswahili waweza kushirikiana: mmoja afundishe kuhesabu mipangilio, mwingine afundishe kuandika sharti lisilo na maana mbili. Wanafunzi wenyewe waupime mfano wa malori matatu. Watagundua kwamba mipangilio yote 6 hutoa saa 9, 11, 11, 12, 12 na 14, na kwamba mpangilio mbaya kuliko wote unaanza na mbuzi na kumaliza na ng'ombe.

Kwa wenye mamlaka, nina maombi matatu. Kwanza, kabla ya ukame ujao, uwezo wa kila hatua katika kila kichinjio upimwe na utangazwe, ili tusiagize ng'ombe wengi kuliko nafasi. Pili, masharti ya kuwatanguliza wanyama yaandikwe kwa Kiswahili sanifu na kwa lugha za wafugaji, na wazee wanaopanga zamu za visima waalikwe kuyachunguza, maana wao wana uzoefu ambao hakuna chuo kinachoutoa. Tatu, vyuo vyetu vikuu vifundishe elimu ya kuratibu kazi kwa mantiki kama sehemu ya mafunzo ya uhandisi, kilimo na elimu, si kama pambo la idara ya tarakilishi.

Mvua hatuwezi kuiamrisha. Foleni twaweza, na mnyama anayekufa langoni mwa kiwanda kilichojengwa ili kumwokoa hakuuawa na ukame peke yake.